Injini Mpya katika Gari Dogo: Vipimo, Istilahi na Upatanisho wa Sehemu

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazofanywa na mafundi wa magari, hapana iliyozungukwa na maneno mengi na maelezo machache kama ile ya kung'oa injini ya gari dogo na kutia nyingine yenye nguvu zaidi mahali pake. Mwenye gari huambiwa kwamba injini anayouziwa "ina nguvu". Naye hulipa, hutiwa injini, na baada ya majuma machache hurudi kwa fundi akilalamika. Pengine gari halivuti kama alivyotarajia. Pengine linakula petroli kupita kiasi. Pengine, na hili ndilo baya zaidi, linakimbia vema lakini halisimami vema. Mara nyingi fundi hakudanganya na mnunuzi hakuwa mjinga. Walichokosa ni msamiati wa kutenga mambo ambayo neno moja, nguvu, linayafunga katika furushi moja.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: jinsi jina na vipimo vya injini vinavyosomwa, tofauti kati ya aina mbili za nguvu ambazo Kiswahili cha kila siku hakizitenganishi, na sababu inayofanya injini mpya idai mabadiliko katika sehemu nyingine za gari. Ili maelezo yasielee hewani, mfano mmoja utafuatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano huo ni wa gari la Toyota Corolla la mfululizo wa E110, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1995 na ambalo nchini Kenya hujulikana sana kwa namba yake tu, 110. Kwa kuwa Japani na Kenya zote huendesha upande wa kushoto wa barabara, magari yaliyokwisha tumika Japani yaliletwa Kenya bila haja ya kuhamishwa usukani, na 110 likawa miongoni mwa yale yaliyoenea mno.

Magari mengi ya namna hiyo yana injini iitwayo 5A-FE. Katika ukoo huohuo wa magari, kampuni ya Toyota ilitengeneza pia magari ya milango miwili yenye mwelekeo wa michezo, Corolla Levin na Sprinter Trueno, ambayo baadhi yake yalipewa injini ya 4A-GE yenye valvu 20 na kifuniko cheusi. Shauku ya kuichukua injini hii ya pili na kuitia katika mwili wa gari la kwanza inaeleweka kwa urahisi. Swali ni kama inaeleweka pia ni kitu gani hasa kinachohamishwa.

2. Jina la injini na viambajengo vyake

Jina la injini si pambo. Ni mfuatano wa alama ambazo kila moja ina maana yake na mahali pake, kama viambishi katika kitenzi cha Kiswahili. Katika jina 4A-GE, herufi A hutaja ukoo wa injini. Tarakimu iliyotangulia hutaja nafasi ya injini hiyo katika ukoo wake. Herufi zinazofuata kistari hueleza namna kichwa cha injini kilivyoundwa na jinsi petroli inavyoingizwa: E huonyesha kwamba petroli hupulizwa kwa kuongozwa na umeme, wala haifyonzwi kwa kabureta.

Kosa la kwanza la wanunuzi hutokea katika tarakimu. Wengi hudhani kwamba 5A ni kubwa kuliko 4A kwa sababu tano huzidi nne. Kumbe 4A ina ujazo wa sentimita za ujazo 1587, na 5A ina 1498. Baadaye ilikuja 7A yenye 1762. Tarakimu hiyo ni ya kuhesabu, si ya kupimia. Kampuni ya Honda ilifuata utaratibu mwingine: katika B16 na B18, tarakimu 16 na 18 hutaja ujazo wa takriban lita 1.6 na 1.8. Basi anayesoma majina ya Toyota kwa kanuni za Honda ni kama mtu anayesoma lugha moja kwa sarufi ya nyingine.

Kosa la pili hutokea katika herufi moja tu. Injini ya 4A-FE na ile ya 4A-GE zina ujazo uleule, na zote zina kamshafti mbili juu ya kichwa. Lakini katika kichwa cha F, mkanda huzungusha kamshafti moja, na hiyo huizungusha ya pili kwa meno. Valvu zake zimekaa karibu karibu, na nia ya waundaji ilikuwa kuokoa mafuta na kuipa injini utulivu. Katika kichwa cha G, mkanda huzungusha kamshafti zote mbili, na valvu zimetanuliwa pembe ili hewa nyingi zaidi ipite kwa kasi. Kama vile tofauti kati ya anapiga na anapigwa ilivyo katika sauti moja, ndivyo tofauti kati ya injini ya kwenda sokoni na injini ya mashindano ilivyo katika herufi moja. Ankara iliyoandikwa "injini ya 4A" haijataja kitu kamili.

Hata 4A-GE yenyewe si moja. Ile ya mwaka 1983, iliyotiwa katika Corolla la AE86, ilikuwa na valvu 16, yaani nne kwa kila silinda. Mwaka 1991 ilitoka yenye valvu 20, tano kwa kila silinda: tatu za kuingizia hewa na mbili za kutolea moshi. Kifuniko chake kilikuwa cha rangi ya fedha. Mwaka 1995 ikafuata ile yenye kifuniko cheusi. Mafundi huzitofautisha hizi mbili kwa rangi, na desturi hiyo ni njema maadamu mtu hakupaka rangi upya.

3. Ujazo: kipenyo na pigo

Ujazo wa injini hupatikana kwa vipimo viwili: kipenyo cha silinda, na pigo, yaani umbali ambao pistoni husafiri kutoka chini hadi juu. Katika 4A kipenyo ni milimita 81.0 na pigo ni 77.0. Eneo la duara lenye kipenyo hicho ni sentimita za mraba 51.53, likizidishwa kwa pigo la sentimita 7.7, silinda moja huwa na sentimita za ujazo 396.8, na silinda nne huwa na 1587. Katika 5A pigo ni lilelile la milimita 77.0, ila kipenyo ni 78.7, kwa hesabu ileile hupatikana 1498.

Tofauti kati ya injini hizi mbili kwa ujazo ni sentimita za ujazo 89 tu, ambazo hazifiki sehemu sita katika mia. Ilhali nguvu zinazotajwa na muundaji zinatofautiana hivi:

5A-FE: nguvu ya farasi 100 kwa mizunguko 5600 kwa dakika, msokoto wa kilo-mita 14.0 kwa mizunguko 4400.

4A-GE yenye kifuniko cheusi: nguvu ya farasi 165 kwa mizunguko 7800 kwa dakika, msokoto wa kilo-mita 16.5 kwa mizunguko 5600.

Mtu asiyezoea takwimu hizi hutazama 100 na 165, akaacha zilizobaki. Katika zilizobaki ndimo ulimo ukweli wote.

4. Nguvu na msokoto

Katika Kiswahili cha kawaida, mtu anayeinua gunia zito ana nguvu, na mtu anayebeba magunia mengi kwa saa moja ana nguvu pia. Mazungumzo ya nyumbani hayadhuriki kwa hilo. Lakini mambo hayo ni mawili. La kwanza ni ukali wa msukumo wenyewe. La pili ni wingi wa kazi inayotendeka katika muda fulani. Katika injini, jambo la kwanza ni kule kusokota kwa krenki: ni kwa ukali gani inazungushwa. Hapa litaitwa msokoto. La pili litaachiwa jina la nguvu.

Mafundi wenyewe wameihisi tofauti hii, ingawa hawakuiwekea nomino. Wakisema kwamba gari linavuta, maana yao ni kwamba linapanda mlima likiwa na mzigo bila kubembelezwa. Wakisema kwamba linakimbia, wanataja jambo jingine kabisa. Vitenzi vuta na kimbia vimebeba kwa miaka mingi maana ambazo nomino nguvu imezichanganya. Lugha haikukosa fikra. Imekosa tu kuipa fikra hiyo jina linaloweza kuandikwa katika ankara.

Uhusiano wa mambo haya mawili ni wa hesabu. Nguvu kwa kilowati ni sawa na msokoto kwa nyutoni-mita, ukizidishwa kwa mizunguko kwa dakika, kisha ukagawanywa kwa 9549. Kwa hiyo kuna njia mbili za kuongeza nguvu: ama injini isokote kwa ukali zaidi, ama isokote kwa ukali uleule lakini mara nyingi zaidi.

Ikiwa kipimo hiki kitatumiwa kwa mfano wetu, siri inafichuka. Nguvu ya farasi 165 ni kilowati 121, nayo hupatikana kwa mizunguko 7800. Basi msokoto wa injini katika kasi hiyo ni nyutoni-mita 149 hivi. Nguvu ya farasi 100 ni kilowati 73.5 kwa mizunguko 5600; msokoto wake hapo ni nyutoni-mita 125. Msokoto umeongezeka kwa sehemu 19 katika mia, na mizunguko imeongezeka kwa sehemu 39. Yaani sehemu kubwa ya nyongeza ile iliyomvutia mnunuzi inatokana na kuzunguka upesi zaidi.

Matokeo yake barabarani ni dhahiri. Dereva anayekwenda katika msongamano wa mji kwa mizunguko 3000 hawezi kuwaona wale farasi 165. Kilele cha msokoto wa injini hiyo ni nyutoni-mita 162, na hupatikana kwa mizunguko 5600. Hata kama ingetoa kilele hicho chote ikiwa katika mizunguko 3000, nguvu yake isingezidi kilowati 51, ambazo ni farasi 69. Farasi waliobaki wanaishi juu, kati ya mizunguko 5000 na 8000, na asiyekwenda kuwatafuta huko amewanunua bure. Hiki ndicho kiini cha yale malalamiko kwamba injini "haina nguvu niliyoambiwa". Nguvu ipo. Ila mnunuzi alitaka gari la kuvuta, akauziwa la kukimbia.

Kuna gharama nyingine ya kuzunguka upesi. Pigo la injini zote mbili likiwa milimita 77.0, pistoni ya 5A-FE kwa mizunguko 5600 husafiri kwa wastani wa mita 14.4 kwa sekunde, na ile ya 4A-GE kwa mizunguko 7800 husafiri mita 20. Kasi hiyo hudai mafuta safi ya kulainisha na beringi nzima. Injini iliyokwisha tumika miaka mingi katika nchi nyingine, ambayo historia yake haijulikani, haifai kupelekwa huko kabla ya kufunguliwa na kupimwa.

5. Farasi wa namna mbalimbali

Kipimo cha nguvu ya farasi kilianzishwa na James Watt huko Uingereza katika karne ya 18, alipotaka kuwaeleza wanunuzi wa mashine za mvuke jinsi zinavyolingana na farasi waliowazoea. Farasi wa Kiingereza ni wati 745.7. Farasi wa vipimo vya mita, anayetumiwa katika vitabu vya Wajapani na Wajerumani, ni wati 735.5. Tofauti ni ndogo, lakini ipo.

Tofauti kubwa zaidi iko katika namna ya kupima. Injini inaweza kupimwa ikiwa peke yake, imepunguziwa baadhi ya mizigo inayoiendesha. Au inaweza kupimwa ikiwa na mizigo hiyo pamoja na ekzosi yake ya kawaida. Takwimu ya farasi 130 iliyotangazwa Japani kwa 4A-GE ya mwaka 1983 ilikuwa ya namna ya kwanza. Katika miaka iliyofuata Wajapani walihamia namna ya pili, ambayo hutoa takwimu ndogo zaidi. Kwa hiyo si haki kuweka takwimu ya mwaka 1983 kando ya ile ya 1995 bila kueleza zilivyopatikana.

6. Upatanisho wa sehemu

Mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba nomino ikibadilishwa, sentensi nzima huguswa. Mtoto wangu mdogo amefika haiwezi kugeuzwa kwa kuondoa mtoto na kutia kitabu, kisha maneno mengine yakaachwa yalivyo. Kimilikishi, kivumishi na kitenzi vyote vitadai viambishi vipya. Injini katika gari ina hadhi kama hiyo ya nomino.

Katika mfano wetu bahati ipo, kwa kuwa 5A na 4A ni za ukoo mmoja na zote hulazwa kwa upana wa gari, magurudumu ya mbele yakiwa ndiyo yanayoendeshwa. Hata hivyo orodha ya mambo yanayodai upatanisho bado ni ndefu.

La kwanza ni kompyuta na waya zake. Injini ya kifuniko cheusi hupima hewa kwa kuhisi shinikizo lake, na kila silinda ina mlango wake wa hewa. Ile ya kifuniko cha fedha hupima hewa kwa kifaa kinachosukumwa na mkondo wa hewa. Kompyuta ya moja haiwezi kuiongoza nyingine, na ile ya 5A-FE haiwezi kuongoza hata moja kati ya hizo. Anayenunua injini bila kompyuta na waya zake amenunua nusu ya kitu.

La pili ni giaboksi. Injini inayotoa nguvu zake juu hudai gia zilizokaribiana, ili kila gia inapobadilishwa mizunguko isianguke mno. Baadhi ya Levin na Trueno za injini hii zilipewa giaboksi yenye gia 6. Ikiwa injini hiyo itafungiwa giaboksi ya gari la kawaida la kwenda kazini, kila badiliko la gia litairudisha mahali isipopapenda.

La tatu ni petroli. Mgandamizo wa injini hii ni 11 kwa 1, na muundaji aliikusudia petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kanuni za nchi hiyo haipungui oktani 96, hali ile ya kawaida ni 89 au zaidi. Petroli duni hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na mlio ule wa kugonga unaosikika wakati wa kupanda mlima ni sauti ya pistoni zinazoharibiwa.

Ugumu huzidi pale ambapo injini hugeuzwa mkao. Wapenzi wengi wa AE86, gari ambalo huendeshwa na magurudumu ya nyuma na ambalo injini yake hulazwa kwa urefu, wametia humo 4A-GE ya valvu 20. Kwa kuwa injini hiyo iliundwa kulazwa kwa upana, distribyuta yake iliyo mwishoni mwa kichwa hugonga ukuta unaotenga injini na abiria. Lazima ihamishwe au iondolewe, na mabomba ya maji yapewe njia mpya. Huko kufanana kwa ukoo hakukutosha. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

7. Breki

Jambo moja limetengwa hapa kwa sababu kosa lake haliishii katika hasara ya fedha. Nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa lina nishati mara 1.89 ya gari hilohilo likienda 80. Nishati hiyo yote sharti igeuzwe kuwa joto na breki kabla gari halijasimama.

Corolla la kawaida la 110 lina breki za diski mbele na za drami nyuma, na zinatosha kwa nguvu lililopewa. Levin la mashindano lenye injini ya kifuniko cheusi lilikuwa na diski mbele na nyuma. Waundaji hawakuongeza diski hizo kwa ajili ya urembo. Kanuni hiyo ni ya zamani: mwaka 1961, Mini ya Uingereza yenye injini ya sentimita za ujazo 848 ilipozaa Mini Cooper yenye 997, magurudumu ya mbele yalipewa breki za diski mahali pa drami. Waliotengeneza gari hawakuthubutu kuongeza mwendo bila kuongeza uwezo wa kusimama. Fundi wa kando ya barabara hana sababu ya kuthubutu zaidi yao.

8. Namba ya injini

Nchini Kenya, namba ya injini huandikwa katika kumbukumbu za usajili wa gari pamoja na namba ya chesisi. Injini ikibadilishwa, kumbukumbu hizo sharti zirekebishwe. Isipokuwa hivyo, gari halali huonekana kama la wizi siku ya kuuzwa au kukaguliwa. Kadhalika kampuni ya bima iliyokata bima ya gari la farasi 100 ina haki ya kujulishwa kwamba sasa gari hilo lina farasi 165. Risiti ya injini, yenye jina lake kamili na namba yake, ni hati ya kuhifadhiwa, si karatasi ya kufungia karanga.

9. Hitimisho

Imeelezwa kwamba jina la injini husomwa kwa viambajengo vyake vyote, kwamba nguvu haitenganishwi na mizunguko inayoizaa, na kwamba injini mpya hudai upatanisho katika kompyuta, giaboksi, petroli na breki. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililoshindikana kuelezwa kwa Kiswahili. Hesabu za ujazo na za msokoto zimefanyika kwa lugha hii bila kuikwamisha.

Lililobaki ni matumizi. Maneno kama msokoto, pigo na mgandamizo yakibaki katika majarida ya vyuo vikuu, yatakufa humo. Yakitumiwa katika vyuo vya ufundi na katika ankara za wauza spea, mnunuzi ataweza kuuliza swali ambalo leo hana maneno ya kuliuliza: si "ina nguvu kiasi gani?", bali "inasokota kiasi gani, kwa mizunguko mingapi, na breki zake ni zipi?" Fundi atakayelazimika kulijibu swali hilo atakuwa amelazimika pia kulifikiri, na yaelekea gari litakalotoka mikononi mwake litasimama pale dereva atakapotaka lisimame.